Mahali pa Kuweka Mkia

Nyinyi mnaojifunza kushona viti siku hizi mmeanza na simu, na hiyo ndiyo bahati mbaya yenu. Mteja anakuonyesha picha, unaikuza kwa vidole viwili, unasema "hiyo naweza," halafu unamuuliza rangi. Humuulizi makalio. Mimi Wairimu, ambaye nusu ya mtaa wa Kimbo inaniita Cucu wa Viti, yaani bibi wa viti, nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana mwenye kiuno, na nawaambia kiti huanza na makalio. Kuna ya dereva, kuna ya mchungaji, kuna ya mwanafunzi asiyetaka kwenda shule. Nimeyapima yote kwa heshima, mengine bila heshima, na hakuna aliyewahi kunishtaki.

Sasa nimestaafu. Mgongo ulistaafu kwanza, nami nikaufuata. Lakini watu hawaniulizi kuhusu viti vya mabasi nilivyoshona Thika miaka na miaka, wala makochi ya maharusi wa Mugutha. Wananiuliza kuhusu mikia. Basi kaeni niwaambie, na mwenye sindano aiweke chini kwanza.

Kijana aliyeniletea mikia anaitwa Muriithi. Alikuja kwenye kibanda changu Kimbo asubuhi moja, nywele zimesimama kama aliyepigwa na stima, karatasi zimeviringishwa kwapani.

"Cucu, sasa."

"Sijambo. Unataka kochi?"

"Nataka kiti ya kenge."

Nikaweka makasi chini. Mtu akikuambia neno kama hilo kabla ya saa tatu asubuhi, ni vizuri mikono yako iwe huru.

"Kenge wa mtoni, ama kuna mtu unamtusi?"

"Kenge dereva, cucu. Ni kipindi ya watoto. Wanyama wanaishi kama watu, wanapanda gari, wanaenda shule, wanalipa rent. Mimi ndio dairekta. Sasa hawa wanyama wako na mikia, na kila mahali wakikaa hiyo mikia inaleta shida."

"Si muikate tu?"

Aliniangalia vile mchungaji humwangalia mtu aliyesinzia kanisani. "Cucu, bila mkia huyo si kenge. Huyo ni mtu amevaa pajama ya kijani."

Hapo alinishinda. Nilichukua futi na chaki nikamfuata mpaka kwenye godauni walilokuwa wamekodi, mwendo mfupi kutoka steji ya matatu. Ndani kulikuwa na nyumba isiyo na ukuta wa mbele, darasa lisilo na paa, na minibasi kuukuu iliyopasuliwa kwa urefu ili kamera ione abiria. Kati ya hivyo vyote walizunguka watu wazima waliovaa manyoya kutoka utosini mpaka vidoleni, wakipepewa kwa vipande vya katoni. Mmoja alikuwa fisi. Alinisalimia vizuri sana, kwa mikono miwili.

Kochi langu la kwanza la mikia lilikuwa la familia ya mbega. Mbega ana mkia mrefu mweupe, na baba, mama na mtoto wote walikuwa nao. Nikafikiri nina akili. Niliacha nafasi ya kiganja kimoja kati ya kikalio na mgongo wa kochi, mikia yote mitatu ikapita huko ikaning'inia nyuma, na kwa mbele familia ilionekana imetulia kama picha ya studio. Halafu baba mbega akasimama kwenda kufungua mlango. Kule nyuma mikia ilikuwa imeshikana, kwa hivyo mama akamfuata mumewe bila kupenda, na mtoto akafuata mama, na kochi likafuata mtoto. Baada ya hapo niliweka vibao vya kutenganisha huko nyuma. Andikeni hilo: kila mkia upewe chumba chake, hata kama wenyewe wameoana.

Na mikia yote ilale upande mmoja. Ndani ya gari mimi huielekeza upande wa dirisha, kwa sababu mkia ukiangukia njia ya kati utakanyagwa na kila mtu, na mwenye kukanyagwa hupiga kelele hata kama mkia si wake wa kuzaliwa. Fisi mkia wake ni mfupi, hakunisumbua. Ila kijana aliyekuwa ndani ya fisi alikuwa amejaliwa sana upande wa nyuma, nikalazimika kupanua kiti chake mara mbili, na hapo lawama si ya mnyama.

Kazi hii iliniletea sifa nisizozitaka. Nilikuwa nikipeleka mikia nyumbani kupima, na siku moja nilipita barabara ya Mugutha kwa bodaboda nikiwa nimekumbatia mkia wa mbega. Kufika Jumapili, akina mama wa kanisa walikuwa wameshaambiana kwamba nimeingia mambo ya kuabudu shetani. Mwenyekiti wao alinivuta pembeni, macho yamejaa huruma, akaniuliza kama nahitaji maombi. Nikamwambia nahitaji sponji ngumu ya inchi nne. Aliniombea tu.

Sasa niwapeleke nyuma kidogo, kwa sababu bila Mzee Shabani haya mengine hamtayaelewa.

Mzee Shabani wa Majengo, Thika, ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na kofia iliyotoboka na ulimi uliokata kuliko wembe wa kufumulia nyuzi. Kwake hakuna fundi aliyeruhusiwa kuweka sponji kabla ya kuikalia fremu tupu. Wala si kukalia na kuruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Unakaa juu ya vyuma na springi, yeye anamimina chai kutoka kwenye thamosi yake, anasoma gazeti la wiki iliyopita, na huinuki mpaka thamosi iishe. Ilikuwa ya vikombe vinne. Siku yangu ya kwanza niliinuka kikombe cha pili.

"Mbona umesimama?"

"Inaniuma, mzee."

"Wapi?"

"Hapa... nyuma."

"Nyuma wapi? Mama, mimi nimeshona viti tangu hujazaliwa, usinionee haya. Onyesha."

Nikaonyesha. Akachukua chaki akatia alama kwenye chuma, mahali pale pale. "Dereva wa Garissa atakaa juu ya hiki kitu kutwa nzima. Sponji itakufichia ujinga wako mwezi mmoja, halafu atakuja kukutafuta na spana."

Nilifanya hivyo kwa kila kiti kwa miaka yote. Ndiyo maana naona aibu kuwaambia nilichofanya na kiti cha kenge.

Ndani ya kenge alikuwa msichana wa Gitothua anayeitwa Mumbi. Mwembamba, mpole, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kwa miaka alizunguka shule za sekondari na vikundi vya kuigiza vitabu vya mtihani. Ameshacheza mama mkwe, askari, na siku ambayo wenzake waliugua, mti. Dereva Kenge ilikuwa nafasi yake ya kwanza kubwa. Sura yake isingeonekana, lakini jina lake lingeandikwa mwishoni, peke yake, na aliniambia mama yake ameshawaambia majirani wote wa ploti.

Mkia wake ulikuwa mrefu kunishinda, umejazwa vizuri, umeshonewa kwenye vazi lenyewe na mkanda mpana kiunoni. Fundi wa mavazi alikuwa amekata magamba moja moja kutoka sponji ngumu akayabandika. Kwa kenge wa Mungu magamba hulala yakielekea ncha ya mkia. Haya yalibandikwa yakielekea mgongoni, kwa sababu Muriithi alitaka yaonekane makali kwenye kamera. Mimi niliyaona, nikayasifu, na sikufikiri zaidi ya hapo.

Nikatengeneza kiti cha dereva chenye tundu la duara katikati ya mgongo. Fremu niliikalia, ndiyo, thamosi nzima. Sikuhisi kitu. Bila shaka sikuhisi kitu. Mimi sina mkia.

Siku ya kurekodi, tuliingiza mkia kwenye tundu, ukateleza vizuri mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama kidogo kama bibi harusi. Mumbi akaendesha nusu ya minibasi yake, akapiga honi, akamkaripia fisi kwa kutofunga mkanda. Muriithi akasema "Kata!" na Mumbi akainuka. Aliinuka nusu, kisha kiti kikamrudisha chini.

"Cucu, imeshika."

"Vuta polepole."

"Navuta."

"Basi vuta haraka."

"Cucu, nataka kwenda choo."

Magamba yaliingia kwa kulala, lakini wakati wa kutoka kila moja lilisimama likashika ukingo wa tundu. Tulivuta watu wanne, mbega watatu na mimi. Muriithi akasema mkia ukatwe. Fundi wa mavazi akaanza kulia. Mtu akaleta mashine ya kukata chuma, nikamfukuza, kwa sababu msichana aliyefungwa ndani ya sponji na gundi haletewi cheche. Mwishowe nilifungua bolti nne na kuung'oa mgongo wa kiti wote. Mumbi alitoka kwenye gari na kutembea mpaka chooni akiwa kenge, amebeba mgongo wa kiti kwenye mkia, nami nimeushikilia nyuma yake kama msimamizi wa harusi. Yaliyotokea huko ndani ni siri yangu na yake.

Nilicheka siku hiyo mpaka mbavu zikauma. Muriithi hakucheka. Alitukusanya, akasema godauni wanalo kwa muda mfupi tu.

"Jumatatu kenge akae, aendeshe scene yote mpaka mwisho. Ikikataa, dereva anakuwa chura. Chura haina mkia, na mtu wa chura tuko naye tayari."

Mumbi alikuwa amesimama pale pale, kichwa cha kenge kiko mkononi. Alianza kupangusa macho ya kile kichwa kwa kidole, jicho moja, halafu la pili. Kicheko kiliniisha. Kosa lilikuwa langu, na aliyekuwa anakwenda kulilipia ni yeye.

Kabla ya Jumamosi nilikuwa na kiti kipya. Hiki hakikuwa na tundu. Mgongo wake uliachwa wazi ubavu mmoja, ili mkia uingie na kutoka kwa pembeni bila kusuguliwa, na kingo nilizifunika kwa kitambaa cha lining kinachoteleza. Mumbi akakaa. Akainuka. Akakaa tena. Hakuna kilichoshika. Nikajiona fundi tena.

Tukaanza mazoezi. Baada ya dakika kumi akaomba asimame. Akasimama, akakaa, dakika kumi nyingine, akaomba tena. Muriithi akarusha karatasi zake chini. Nami nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimekwisha kumhukumu yule msichana kitambo. Wote tulikuwa tumemwona: saa ya chai wenzake wanakaa kwenye mabenchi na makreti, yeye anasimama peke yake, ameegemea ukuta, kikombe mkononi. Tulisema anajisikia. Basi nikamwambia mbele ya watu:

"Kiti iko sawa. Shida ni wewe."

Akasema, "Sawa, cucu. Nitajaribu." Ndilo jibu lililonifuata mpaka nyumbani.

Jumapili sikwenda kanisani, na najua walivyosema. Nilimwomba mlinzi wa godauni anifungulie, nikachukua vazi la kenge. Kwa kiwiliwili sikuweza kuingia, mniheshimu, lakini mkanda na mkia nilijifunga, vazi lililobaki likining'inia mbele. Nikatoa sponji ya kiti kile, nikaikalia fremu tupu, nikamimina chai kikombe cha kwanza.

Kikombe hicho kilikwenda vizuri. Kikombe cha pili, mkia ulianza kunivuta. Nyuma ya kiti ulikuwa umening'inia hewani, na uzito wake wote ulikuwa umeshikwa na kitu kimoja tu: mkanda juu ya nyonga zangu. Ukiwa umesimama, mkia hulala chini na sakafu inakusaidia. Ukikaa, sakafu iko mbali, na mgongo wako unaubeba peke yake. Kabla ya kikombe cha tatu nilikuwa nimesimama, nimeshika kiuno, natamka maneno ambayo mwenyekiti wa akina mama angeyaombea wiki nzima.

Nikatafuta mahali pa kupumzika. Benchi: mkia ukanisukuma mbele, nikabaki ukingoni kama mdeni. Kreti: likapinduka. Kochi la mbega, nililolijengea vyumba vitatu: vyumba vyembamba, mkia wa kenge hauingii. Kulivua vazi lile lililoshonewa mkia mtu mmoja hawezi, anahitaji wawili na muda, na mapumziko ya chai hayafiki hapo. Nimeshona viti maisha yangu yote, na kwenye godauni lile hapakuwa na kiti hata kimoja kilichonikubali. Nikanywa chai iliyobaki nikiwa nimesimama, nimeegemea ukuta. Nilikuwa nimeegemea mahali pale pale pa Mumbi. Hata rangi ilikuwa imesuguliwa. Niliona haya peke yangu mle ndani mpaka masikio yakawaka.

Mlinzi alinisaidia kuufungua ule mkanda. Nikapanda bodaboda moja kwa moja mpaka Gitothua, na nilimkuta akianika nguo.

"Mumbi, nimevaa hiyo mkia yako."

Alishtuka, kisha akacheka. "Haiya! Imekutosha?"

"Imenimaliza. Mbona hukuniambia inauma?"

Alitundika shati, akatafuta kibanio kwa muda mrefu kuliko kinavyotafutwa. "Cucu, hapo ukilalamika unaambiwa kuna wengine wanataka. Si umesikia, chura yuko tayari. Nikaona nikae nayo tu."

"Nisamehe. Nilikusema vibaya mbele ya watu."

"Ni sawa."

"Si sawa. Geuka nikupime, na usivute tumbo."

Nilimpima akiwa amekaa, si amesimama. Nanyi mfanye hivyo: pima mtu amekaa, pima mkia unaanzia vidole vingapi juu ya kikalio, halafu pitisha mkono kwenye mkia kwenda na kurudi, maana kwenda peke yake kulishanidanganya. Na uliza uzito unakaa wapi. Mama yake Mumbi alikuwa mlangoni na mjukuu mgongoni, amembeba kwa leso, anachambua maharagwe mikono yote miwili ikiwa huru. Nilimtazama mpaka akauliza kama kuna kitu usoni mwake. Nikamwomba leso nyingine.

Jioni hiyo hiyo nilirudi godauni, na ile leso nikaifunga nyuma ya kiti cha dereva, ncha mbili kwenye chuma cha kulia na mbili kwenye cha kushoto, ikaacha tumbo katikati. Mkia ukalala humo kama mtoto aliyeshiba. Uzito wote ulikwenda kwenye fremu, na mkanda wa kiunoni ukalegea. Nilijifunga mkia tena, nikakaa, nikamaliza thamosi yote. Halafu nikafunika leso kwa kitambaa cha kijani ili kamera isije ikasoma maandishi yake, kwa sababu yalihusu mume wa mtu.

Jumatatu Muriithi alikuja amenuna tayari. Mtu wa chura alikuwa amekaa kwenye kreti, nusu amevaa. Mumbi aliingia kwenye minibasi, nikampitishia mkia kwa ubavu, nikaulaza. Akanitazama kupitia mdomo wa kenge. Wakaanza. Waliirudia scene yote mara tatu, kwa sababu fisi alikuwa anasahau maneno, na kila mara nilihesabu dakika kwenye saa yangu. Kumi zikapita. Ishirini zikapita. Dereva Kenge alipiga honi, akaimba, akamteremsha fisi njiani kwa utovu wa adabu, na hakuomba kusimama.

"Kata! Poa sana! Chai!"

Wote wakashuka mbio kwenda kwenye birika, na mtu wa chura akavua miguu yake. Mumbi hakushuka. Mikono iko juu ya usukani, hajisogezi. Nilichukua spana, nikakimbia vile umri wangu unavyoruhusu, nikapanda kwenye gari.

"Imeshika tena? Ngai, wapi? Usivute!"

Akavua kichwa cha kenge akakiweka mapajani. Uso ulikuwa umelowa jasho, na alikuwa ameegemeza mgongo wote kwenye kiti, mpaka mabega.

"Hapana, cucu," akasema. "Nimekaa tu."

Nikaweka spana chini, nikamletea kikombe chake na mandazi mawili, nikamwambia Muriithi angoje. Alikunywa chai yote akiwa amekaa.